Mwizi wa Nywele Hukaa Chanuoni

"Mwizi wa nywele hukaa chanuoni." Mmeisikia asubuhi bombani mkacheka, sasa mnataka niwaambie ilikotoka. Haya, sogeeni, mkeka ni mpana. Methali hii ilianza kwa kelele, hapa hapa mtaani kwetu Ujiji, na kelele zenyewe zilikuwa hivi:

"Nitolee nywele za mwanangu, Vumilia! Umezificha wapi?"

"Nywele gani, Mama Siwema?"

"Ulizomnyonyoa! Mtazame kichwa, kama shamba walilopita mbuzi!"

Aliyekuwa akipiga kelele hizo ni mimi. Msinitolee macho. Kila methali ina mtu aliyeaibika ndani yake, na katika hii aliyeaibika ni bibi yenu.

Siwema, shangazi yenu, alikuwa na miaka sita. Mimi nywele zangu ni za singa, mnaziona, hata sasa zilivyokuwa nyeupe zinalala zenyewe. Yeye alichukua za babake: kipilipili, zimeshikana barabara. Basi mwaka ule, Idi inakaribia, nikaona paji la mtoto limepanda juu, na utosini pana upara wa ukubwa wa kiganja. Nani amemgusa? Vumilia, msichana wa nyumba ya tatu, aliyesuka watoto wa mtaa mzima mlangoni pake. Alikuwa amemsuka Siwema mara mbili tu. Tena siku ya pili mtoto alirudi mikono mitupu, na kwetu nywele za chanuoni haziachwi ovyo. Hukusanywa, zikafukiwa, asije mtu mbaya akazichezea.

Mimi neno halikunilala mdomoni. Asubuhi nililitua bombani pamoja na ndoo, adhuhuri nikalipeleka sokoni, jioni likanywewa na chai nyumbani kwangu, maana nyumba yangu ilikuwa haikauki wageni. "Vumilia anachukua nywele za watoto." Mwisho nikaliamini mwenyewe kama nililoambiwa na mtu mwingine. Wiki ya Idi, ambayo wasichana hupanga foleni mlangoni pa Vumilia, mkeka wake ukakaa mtupu. Na kusuka ndiko kulikompa ugali.

Ndipo nikamwendea na zile kelele. Watu wakajaa. Bi Tatu, mkongwe wa nyumba ya mbele, alishatoa kigoda chake mapema asipitwe na kitu.

Vumilia hakupandisha sauti. Akasema, "Mama Siwema, lete chanuo unalomchania nyumbani. Langu hili hapa. Tuyatie yote mkononi mwa Bi Tatu."

"Haya!" nikasema, shingo juu. "Siwema, kimbia ukalilete!"

Mtoto akakimbia, akalileta. Bi Tatu akaanza na la Vumilia: la mti, meno yameachana kama vidole, linanukia mise, mafuta ya kokwa za mchikichi, na nywele mbili tatu zimejikunja ndani yake. Kisha akashika langu. Jembamba, meno yamebanana, mawili yamevunjika, na katikati yake donge jeusi la nywele kama kiota cha ndege. Akalichomoa, akalitawanya juu ya kanga yake.

"Fupi fupi," akasema. "Wala hazina mizizi. Hizi hazikung'oka, zimekatika. Unamchana zikiwa na maji?"

"Kavu."

"Unamtia mafuta?"

"Nywele zangu hazitaki mafuta."

"Nani kakuuliza zako?"

Watu wakacheka. Siwema naye akaona anaulizwa yeye, akajibu: "Mama huvuta mpaka jino la chanuo linalia, ka! Anasema nywele zangu kaidi, zijifunze kulala kama zake. Kwa dada Vumilia siumii. Ananilowesha kwanza, anaanzia nchani."

"Na zile nywele ulizotoka nazo kwake?" akauliza Bi Tatu.

"Alinifungia kwenye karatasi. Nikazifukia mwenyewe mgombani."

"Mbona hukunipa mimi?" nikamuuliza.

Mtoto akanitazama bila kinyongo chochote. "Ulisema ukiziona nywele zangu unachoka."

Hakuna aliyecheka tena. Wallahi, heri wangecheka. Nilitamani ile kanga ya Bi Tatu inifunike mimi pamoja na lile donge.

Bi Tatu akanirudishia chanuo langu. "Mwizi wa nywele hukaa chanuoni," akasema. "Nenda naye nyumbani, mwizi wako."

Kufika alasiri maneno hayo yalikuwa sokoni, na safari hii sikuyabeba mimi.

Nilifunga mlango siku mbili. Mimi! Niliyekuwa nikisikia kimya naita jirani. Siku ya tatu Bi Tatu akagonga kwa mkongojo. "Lile neno ulilipeleka nyumba ngapi?"

"Sikumbuki, Bi Tatu."

"Miguu yako inakumbuka. Irudie njia ile ile."

Nikaenda mlango kwa mlango, nikisema: "Nilimsingizia Vumilia. Mwenye kosa ni mimi." Wengine walinipa maji, wengine walinijibu kupitia dirishani. Bombani ilibidi niseme mara mbili, maana mmoja alijifanya hakusikia. Usiku wa kuamkia Idi mkeka wa Vumilia ulijaa wasichana mpaka barazani.

Ndiyo maana, wajukuu zangu, mtu akipatwa na hasara kisha akaanza kuhesabu majirani, huambiwa atazame kwanza mkononi mwake: mwizi wa nywele hukaa chanuoni.

Nyumba moja tu nilikuwa sijaifikia. Adhuhuri ya Idi nikamshika Siwema mkono, tukasimama mlangoni pa Vumilia. Ndani wanakula, harufu ya samaki, migebuka iliyoungwa kwa mawese, imejaa ujiani. Nitasema ni nani? Siwema akanivuta kanga, nikabisha.

"Nani?" sauti ya Vumilia.

"Mwizi wa nywele," nikasema.

Kisha nikasikia watu wanasogezana mkekani.

"Mwizi gani anabisha hodi wakati wa chakula? Mnawisheni mtoto mikono. Ingia ule, Mama Siwema, ugali unapoa."