Kalamu ya Bi Nakijwa

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya juzijuzi tu, paliishi mjini Same fundi cherehani aliyeitwa Bi Nakijwa. Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, akaacha kushona. Wagonjwa wenzake wa Parkinson, maradhi ya kutetemeka, wakamchagua kuwa mwenyekiti wa chama chao.

Siku moja tajiri mmoja akakipa chama fedha za utafiti mmoja tu. Sharti lake: jina la atakayepewa lifike kabla ya adhuhuri ya Ijumaa, la sivyo fedha zirudi. Wanachama wakasema, "Mwenyekiti, amua wewe." Tangu hapo Bi Nakijwa hakulala usingizi wa maana.

Ijumaa asubuhi wakaja watu watatu.

Akasema Dakta Elikunda: "Mama, protini ya ubongoni hujikunja vibaya, ikashikana mabonge kama uji uliokorogwa vibaya. Miaka kumi na miwili nayafuatilia kwa darubini. Nimekaribia kujua bonge la kwanza linaanzaje. Bila mimi, mtapapasa gizani. Mkininyima, maabara inafungwa."

Akasema Sempombe, mfamasia: "Shikamoo, mama. Dawa yangu imezuia mabonge hayo kwa panya. Kwa binadamu, huenda ikasaidia, huenda ikadhuru. Bila mimi, mtajua ugonjwa mkafa nao. Nikipewa, hata wewe unaweza kuwa wa kwanza kuijaribu."

Bi Nakijwa akauficha mkono ndani ya khanga. Aliitamani dawa ile, akaogopa kuitamani. Si watasema kajichagua?

Akasema Nanzighe, mjane: "Dada, mume wangu alipofariki niligombana na ukoo mzima, nikaruhusu ubongo wake uchunguzwe. Hawa wote wawili wameanzia hapo. Bila mimi, wangechunguza nini? Sasa mwanangu ana miaka thelathini na mitano, na kijiko kinamponyoka. Fedha hizi zitumike kuchunguza familia zetu, tungali hai."

Elikunda akainamisha kichwa. Ilikuwa kweli.

Saa sita kasoro dakika tano. Karani wa yule tajiri alikuwa mlangoni, anaangalia saa. Bi Nakijwa akaishika kalamu kwa mikono miwili, jasho likimtoka, akaandika jina moja kwa herufi zilizopinda. Wawili wakatoka bila kuaga. Mmoja akabaki, akilia.

Jina hilo silitaji. Enyi mliosikia, kalamu ingekuwa yenu, na dakika ni hizo hizo tano: je, nani alistahili?