Kabari Aliyoisahau Mwalimu Elinaja

Mwalimu mmoja wa kwaya, jina lake Elinaja, alikuwa na piano ambayo haikuwa yake. Ilikuwa ya kanisa, kule milimani kwenye ukungu, na kila baada ya masika unyevu uliivuruga sauti yake. Hakuna fundi aliyekubali kupanda hadi huko, basi Elinaja akajifunza kuirekebisha mwenyewe.

Ninyi mnaoitazama kwa nje mnaona vibonye tu, vyeupe na vyeusi. Ndani, kila kibonye kina kinyundo chake, na kinyundo kimoja mara nyingi hugonga nyuzi tatu kwa pamoja. Tunasikia sauti moja, kumbe ni tatu. Fundi hawezi kuzirekebisha zote kwa mara moja. Huchomeka kabari ndogo ya mpira ili kuzinyamazisha mbili, akaukaza mmoja kwenye kigingi chake hadi utulie, kisha akaichomoa kabari na kuzigeukia zile nyingine. Uzi ulionyamazishwa hauna kosa lolote. Unasubiri zamu yake.

Katika kwaya ile wanawake watatu waliimba sauti ya pili. Mmoja wao alikuwa Aisia, binti wa Elinaja, aliyebaki naye nyumbani baada ya mama kufariki. Mwaka mmoja watatu hao waligombana juu ya nani aanzishe ubeti. Elinaja aliogopa kuambiwa anapendelea mtoto wake, akamwambia Aisia akae nje ya kwaya kwa muda, ili awasikilize wale wawili kwanza. Wiki mbili hazikupita, wakapatana. Halafu ikaja Krismasi, nyimbo zikawa nyingi, na hakuna aliyemwambia Aisia arudi.

Akakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, baridi inapoingilia. Hakukosa Jumapili hata moja. Alifungua kitabu cha nyimbo, akafuata maneno kwa kidole, midomo imefumbwa. Nyumbani alimpikia baba yake, wakala, wakazungumza habari za ng'ombe na mvua. Habari za kwaya hazikutajwa. Baba alidhani binti amechoka kuimba. Washarika walisema amenuna. Ndivyo tulivyo: tunamnyamazisha mtu wenyewe, kisha tunamlaumu kwa ukimya wake.

Ikapita miaka saba. Muda huo wote Elinaja alilalamikia kibonye kimoja cha katikati, sauti yake nyembamba. Alilaumu panya, alilaumu unyevu. Jumamosi moja aliingiza mkono ndani kabisa, na katikati ya nyuzi, chini ya vumbi, akaikuta kabari yake. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuifungua piano ile. Akaichomoa, akabonyeza. Sauti ilitoka mbaya, kwa sababu nyuzi zile hazikuwa zimelia pamoja kwa miaka mingi. Elinaja akakaa chini na kabari mkononi, akalia, maana alikuwa amemkumbuka mwanawe.

Akamkuta Aisia anachambua maharage. Akaiweka kabari juu ya ungo, akamweleza alikoikuta. Aisia akaishika.

"Baba," alisema, "kila Jumapili nilikuwa naangalia mkono wako, labda utaniashiria."

Kesho yake alisimama mahali pake pa zamani. Mstari wa pili sauti ikamkatika. Elinaja akaishusha mikono, na kwaya nzima ikasimama kimya ikimngoja Aisia, hadi alipoweza kuanza tena.

Basi na wewe, uliyemwambia mtu anyamaze kidogo: leo amekaa benchi gani?