Sufuria Nane na Fomu Moja

Sogeeni mbele, na wewe uliyejifunika kanga mpaka kichwani, fungua masikio. Fumbo hili limewashinda watu waliosoma mpaka miwani ikawachimba pua. Atakayesinzia ndiye nitakayemwuliza wa kwanza. Tumeelewana? Haya.

Katika kata ya Itebele, kule milimani ambako mvua ikija kusalimia hulala hapohapo, walikuwako watu watatu, na kila mmoja Mungu alimpa kitu kimoja tu.

Wa kwanza ni Tusekile. Yeye alipewa vyombo. Alikuwa mtunza vyombo wa kikundi cha kuzikana cha akina mama. Mfunge kitambaa machoni, gonga sufuria kwa kijiko, atakuambia: hiyo ilibonyea kwenye ubatizo wa mapacha, na hiyo mliiazima harusini mkarudisha bila mfuniko, na mfuniko bado nautaka. Mwandiko wake ulikuwa mzuri pia, kwa hiyo ndiye aliyeandika kwa rangi nyekundu, chini ya kila sufuria, jina la aliyeitoa na tarehe aliyoitoa. Ndiyo desturi ya Itebele. Siku mtoaji akifa, sufuria yake inatangulia jikoni, ili watu wale chakula kutoka mkononi mwake kwa mara ya mwisho.

Wa pili ni mzee Ambilikile. Yeye alipewa kumbukumbu. Alifagia mahakama ya wilaya miaka ishirini na sita. Mawakili wakisoma vifungu, yeye yuko chini ya meza anatoa buibui. Wao walivisahau walipofika kwenye ngazi, yeye akaenda navyo nyumbani.

Wa tatu ni Lugano. Huyu alipewa koo. Alikuwa na spika ya mkononi, anatangaza minada, misiba, mbuzi waliopotea na bei ya mbolea. Akitangaza mnada mlima huu, ng'ombe wa mlima ule wanageuza shingo. Na maneno! Huyo angeweza kumuuzia chura mwavuli.

Sasa tia chumvi. Kulikuwa na tajiri mmoja, Gwakisa Mwalusanya, mwenye maduka matatu, malori mawili na tumbo moja lililofanya kazi ya matumbo manne. Aligombea udiwani. Juma la pili la kampeni akawapa akina mama sufuria nane mpya, zile za kupikia watu mia. Wakapiga vigelegele mpaka kuku wakahama. Tusekile naye alipiga, nisikudanganye. Kisha akachukua brashi, akaandika chini ya zote nane jina la mheshimiwa na tarehe ya siku ile. Alidhani anatoa shukrani.

Usicheke wewe. Kwenu pia mmekula pilau la mtu.

Mwalusanya akashinda. Juma la kwanza baada ya kuapishwa, bomba la maji la kata likageuzwa njia, likapita kwenye ghala lake. Upande wa Tusekile pakakauka. Mama yake alikuwa kitandani, miguu imevimba, anahitaji kuogeshwa mara mbili kwa siku, na Tusekile akawa anashuka bondeni na ndoo kama mtu anayetumikia adhabu.

Siku moja akapita kwa mzee Ambilikile, akatua ndoo, akasema, "Baba, yule bwana katupa sufuria, katunyima maji ya kutia ndani yake."

"Alizitoa lini?"

"Kwenye kampeni, juma la pili. Tarehe nimeiandika mwenyewe."

Mzee akaweka kikombe chini taratibu. "Mwanangu, kumbe umeandika hati ya mashtaka."

"Mimi? Nimeandika sufuria!"

"Iko sheria ya gharama za uchaguzi. Kampeni zikishafunguliwa, mgombea hana ruhusa ya kumpa mpiga kura hata kiberiti. Na kila anachotumia aseme ni kiasi gani, na kimetoka kwa nani. Mwalusanya aliapa kwamba hakumpa mtu kitu."

"Lakini baba, mgeni haji mikono mitupu. Ni desturi."

"Desturi haikuhesabii kura. Hiyo ni rushwa, ila ina mfuniko."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Sikilizeni vizuri, msije mkadanganyana baadaye.

Mzee Ambilikile alitoa alichopewa. Akakaa siku tatu na karatasi, akaandika ombi la kupinga uchaguzi, kifungu kwa kifungu, na akalipeleka siku moja kabla muda wa kulalamika haujaisha. Karani akamwuliza, "Mzee, wakili wako nani?" Akajibu, "Ufagio." Bila yeye, sufuria zingebaki sufuria, na Itebele nzima ingedhani kwamba kununuliwa ni ukarimu.

Tusekile alitoa alichopewa. Habari zilipovuja, mwenyekiti wa kikundi, Mama Tumpale, akaamuru sufuria zote nane zisuguliwe kwa mchanga mpaka rangi itoke. Tusekile akasema, "Sawa mama, nipeni tatu nianze nazo." Akazibeba kichwani, moja ndani ya nyingine, akapita nazo mtoni, akapita nazo sokoni, hakusimama mpaka mbele ya hakimu. Bila yeye, sheria ingekuwa karatasi ya kufungia karanga.

Wakili wa Mwalusanya akainuka na suti yake. "Mheshimiwa hakimu, mteja wangu alitoa vyombo hivi mwaka uliotangulia, kabla hata hajafikiria udiwani. Mama huyu kaipaka tarehe hiyo jana." Rangi ni rangi, nani ataipima umri?

Ndipo Lugano akatoa alichopewa. Akasimama nyuma kabisa, bila kuitwa. "Mheshimiwa, siku ile mtangazaji nilikuwa mimi. Alinilipa yeye mwenyewe." Hakimu akamwapisha, akamwuliza alitangaza nini. Lugano akajaza mapafu, akafungua koo palepale kizimbani: "Haloo haloo Itebele! Leo Alhamisi, siku kumi na tano kabla ya kura! Mgombea wenu anawakabidhi akina mama sufuria nane! Akinipa yeye chombo, na mimi nitampa nini?" Na watu waliojaa mahakamani, waliokuwa wakiogopa hata kukohoa, wakajikuta wanaitikia kama walivyoitikia siku ile: "Kuraaa!"

Mwalusanya mwenyewe, mazoea mabaya, akainua mkono kuwapungia.

Bila Lugano, rangi ile ingeitwa uongo. Uchaguzi ukafutwa. Mwalusanya akazuiwa kugombea. Mzee kwa kujua, mama kwa kubeba, kijana kwa kusema. Nani alimtangulia nani? Ukidhani umeshapata jibu, meza kwanza mate, bado sijafika.

Maana mshindi wa kesi si lazima awe mshindi wa maisha.

Mahakama ilizichukua sufuria zote nane kama vielelezo, zikafungiwa stoo. Mwezi uleule ulitokea msiba mkubwa, sufuria za zamani hazikutosha, na akina mama wakapikia waombolezaji kwenye madebe ya mafuta. Chakula kikanuka chuma. Mama Tumpale akamfuata Tusekile mpaka mlangoni, na mgonjwa anasikia kila neno.

"Tumekufuta kwenye kikundi. Siku mama yako akilala, upikie watu huko mahakamani."

Mnajua maana yake? Itebele mtu hazikwi na watoto wake. Anazikwa na kikundi: kinapika, kinalia, kinabeba maji, kinalala na wafiwa. Aliyefutwa atachimba mwenyewe, atalia mwenyewe, na jirani atachungulia dirishani. Toka siku hiyo kila mama yake alipokohoa, Tusekile alihesabu watu watakaokuja. Hakuwahi kufika watano.

Mzee Ambilikile alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya mdogo wa Mwalusanya. Alirudi siku moja akakuta godoro lake nje, linanyeshewa, na kufuli mpya mlangoni. Akahamia kwenye banda la ndizi la Tusekile, akalala na mikungu.

Na Lugano? Hakuna duka lililomwita tena. "Huyu leo anakutangaza, kesho anakutolea ushahidi," walisema. Mtu akaijaza spika yake udongo. Akabaki na koo lake, anaomba nalo vibarua vya kupalilia chai.

Ukatangazwa uchaguzi wa marudio. Fomu ya kwanza kurudishwa ilikuwa ya Ipyana, shemeji yake Mwalusanya. Wengine wote wakakumbuka kwamba wana mashamba ya kulima. Siku ya mwisho ikafika, na ofisi ya kurudishia fomu inafungwa saa kumi jioni. Asiporudisha mwingine, Ipyana anapita bila kupingwa, na bomba linabaki ghalani.

Saa saba mchana likaja gari. Akashuka Bi Hobokela, katibu wa wilaya wa Chama cha Nguzo, chama ambacho Itebele hakikuwahi kupata hata mtu wa kukipigia makofi.

"Mashujaa wangu!" akasema. "Nyote watatu niliwaandikisha uanachama jana, na wadhamini wa fomu nimeshawapata. Chama kinampa mmoja wenu tiketi. Mmoja tu. Amueni wenyewe, saa yangu inakimbia."

Basi wakaketi jikoni kwa Tusekile, fomu katikati.

"Ni mimi," akasema Lugano, wala hakusubiri kukaribishwa. "Mzee aliandika, dada akabeba, lakini kesi ilikuwa inakufa. Nani aliipulizia pumzi?"

"Ulipuliza kitu gani?" akauliza mzee. "Kama nisingeandika, ungekuwa unatangaza mbuzi mpaka leo. Na mbuzi hajapatikana."

"Nyote wawili mlitumia mdomo na kalamu," akasema Tusekile. "Mimi nilitumia shingo yangu. Tena niliandika jina lile kwa mkono wangu, nikajipeleka mwenyewe kuaibika. Nikiwa diwani, kikundi kitanirudisha kesho asubuhi. Mama Tumpale mwenyewe atakuja na kuni. Mama yangu hana muda wa kusubiri uchaguzi mwingine."

Lugano akakuna shingo. "Dada Tuse, hilo la mama ni zito. Lakini na mimi nina tumbo, na halijafutwa kwenye kikundi cha wenye njaa."

Bi Hobokela akakohoa. "Kabla hamjagombana, iko karatasi ya pili. Mgombea anaapa fedha za kampeni zimetoka kwa nani. Chama kitaleta gari, vipaza sauti na mawakala. Mimi nimeshajaza: michango midogo ya wanachama wa Itebele."

Mzee akainua kichwa. "Wanachama wa Itebele ni sisi watatu. Mimi nalala na ndizi. Nani kachanga?"

"Yupo rafiki wa chama. Hapendi jina lake litajwe."

"Anapenda nini basi?"

Bi Hobokela akatazama nje ya mlango, kule juu ambako msitu wa kijiji umekaa kama kofia. "Anapenda mbao," akasema.

Wote watatu wakageuka kuutazama msitu.

"Na bila fedha zake?" akauliza Tusekile.

"Bila fedha zake hakuna Chama cha Nguzo Itebele, na hiyo fomu naondoka nayo. Jamani, mbona mnanitolea macho? Kila mtu anajaza hivyohivyo. Na karatasi hii haina rangi nyekundu chini."

Mzee Ambilikile akasogeza kiti nyuma. "Kifungu hikihiki ndicho nilichomwangushia Mwalusanya. Mimi sisaini. Na nasema asisaini mtu. Bora Ipyana apite tukiwa tumesimama."

"Umesimama wapi, mzee?" Lugano akacheka kicheko kibaya. "Kwenye mikungu ya ndizi? Ipyana akipita, sote watatu tutakufa tumenyooka. Nipeni mimi. Naapa, nashinda, nageuza bomba, halafu huyo wa mbao namtangaza mlima hadi mlima!"

"Wewe ukishakula cha mtu," akasema mzee, "utatangaza atakachokutuma. Ulishafanya hivyo, siku ya sufuria."

Lugano akafunga mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza Itebele kumwona hivyo.

Chumbani mama akaita, "Tuse." Tusekile akaingia, akamgeuza upande, akamfuta uso kwa kitambaa kisicholowa vizuri maana maji yalikuwa ya kuhesabu. Mama akamshika mkono. "Wamekuja watu? Nasikia watu."

"Wamekuja, mama."

"Wangapi?"

Tusekile akamfunika shuka. Akarudi jikoni, akakaa, akaisoma ile karatasi ya kiapo kuanzia juu mpaka chini, polepole, kama anayesoma jina la mtu anayemfahamu. Mstari wa sahihi ulikuwa mtupu. Bi Hobokela akatoa kalamu, akaiweka juu yake. Ilikuwa saa tisa na nusu, na ofisini ni mwendo wa dakika ishirini kwa gari.

Nami hapo ndipo ninaposhukia. Msiniangalie mimi, hili ni lenu.

Mzee alijua, mama alibeba, kijana alisema. Ukimtoa mmoja, kesi inaanguka. Wamefanya sawa, wamepoteza sawa, na tuzo ni moja. Je, utampa mzee asiyeitaka kwa sababu anaijua, kijana anayeitaka kwa sababu haiogopi, au mama anayeihitaji kuliko wote, ambaye ataapa uongo kwenye sheria aliyoibeba kichwani ili mama yake apate wa kumzika? Au utaichana fomu, bomba libaki ghalani, halafu uende ukamwambie yule mgonjwa ni watu wangapi watakuja?

Wewe wa kanga, nilikuahidi nitaanza na wewe. Ungeandika jina la nani?