Jina Lililokuwa Ndani ya Kompyuta ya Mwaja

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, umeme umeshafika na steshenari zimeshajaa, palikuwa na kompyuta moja ya mezani pale Mpwapwa. Nawasimulia kwa sababu imenichosha kichwa. Nikianza chai nampa haki huyu, chai ikiisha nimeshampa yule.

Mwaja ndiye mwenye steshenari. Aliambiwa anunue kompyuta nzuri, akanunua ya bei poa, mtumba, boksi lake kubwa kama debe. Ukiiwasha, unakwenda sokoni, unachagua nyanya, unarudi, ndiyo kwanza inakukaribisha. Feni yake ilinguruma mpaka mteja apaze sauti. Iliganda ilipojisikia. Na kile kibetri cha saa kilikuwa kimekufa, basi kila ikiwashwa ilirudi tarehe ileile, Januari mosi, mwaka elfu mbili na tisa, na kila kilichochapwa kilijiandikia tarehe hiyo juu. Tulicheka, tukazoea. Lakini tuseme na mazuri yake: haikula umeme mwingi, na kikiharibika kitu, bisibisi moja ilitosha kukitoa na kuweka kingine.

Sechelela ndiye mchapaji. Nyemo ndiye fundi, binti aliyeanza kwa kufungua redio za baba yake.

Siku moja akaja Mzee Chibago, mchimba visima. Alikuwa anaumwa, akataka kuandikisha wasifu wake mwenyewe, usomwe siku ya maziko yake. Kwetu wasifu ukisomwa, watoto wa marehemu wanatajwa mmoja mmoja, na anayetajwa anatoka mbele kutupa udongo. Asiyetajwa anabaki nyuma na majirani.

Mzee akataja watoto wanne. Kompyuta ikaganda. Sechelela akaizima, akaiwasha, wakakaa wanasubiri. Katika kusubiri huko akamuuliza, "Babu, ni hao tu?"

Mzee akaigeukia kompyuta. Feni ikanguruma. Kisha akasema, "Yupo Mbeleje. Mama yake sikumuoa, na yeye sijawahi kumtaja mbele ya watu. Mwandike."

Sechelela akamwandika, akahifadhi, maana kwa kompyuta ile alishazoea kuhifadhi kila mstari. Alipotaka kutoa nakala, karatasi zimeisha. Akamwambia mzee apitie kesho. Kesho yake mzee akazidiwa, na baada ya wiki akafariki. Kabla hajafariki alimnong'oneza Mbeleje kwamba jina lake liko kwa Mwaja.

Asubuhi ya maziko Mbeleje akafika steshenari, mjamzito wa miezi minane. Shamba hakutaka, nyumba hakutaka. Alitaka kutupa udongo kama mtoto. Na wadogo wa marehemu walishaandika wasifu wao, wenye watoto wanne.

Kompyuta haikuwaka. Nyemo akaitwa. Jana yake yeye ndiye aliyeisafisha vumbi; kama alilegeza kitu hakusema, na mimi sikuwepo. Akafungua boksi, akachomoa diski inayotunza maandishi, akakimbia nayo nyumbani kwake, akaipachika kwenye boksi jingine kuukuu. Ikakubali. Wakatoa nakala, wakarudi na karatasi watu wameshafika makaburini.

Chilewa, mdogo wa marehemu, akaipokea, akaitazama juu. Akasema kwa utulivu kwamba karatasi hii ni ya mwaka elfu mbili na tisa, na steshenari ya Mwaja ina miaka mitatu, basi imeghushiwa. Watu wakaguna. Mbeleje akaanza kurudi nyuma kwa majirani.

Hapo mchungaji akafungua Biblia yake, akatoa barua aliyochapiwa mwezi uliopita. Januari mosi, elfu mbili na tisa. Mama mmoja akafungua pochi, akatoa yake. Januari mosi, elfu mbili na tisa. Mwenyekiti wa kitongoji akasema, "Chilewa, hata barua yako ya kuomba kiwanja ninayo ofisini. Ina tarehe hii hii."

Chilewa akairudisha karatasi. Ikasomwa. Mbeleje akatajwa wa tano, akainama na tumbo lake, akatupa udongo. Nililia, sifichi.

Mbeleje akaweka ahadi palepale kwamba mtoto atakayemzaa atapewa jina la yule aliyemfanya yeye atajwe. Akajifungua mtoto wa kike. Wakaja watatu kumwona, na kila mmoja na hoja yake.

Mwaja akasema, "Ningenunua kompyuta nzuri, mzee angetaja wanne, angechukua karatasi yake akaenda zake. Uzito wa ile yangu ndio uliomkalisha mpaka akasema. Na ningebadilisha kibetri, tarehe ingekuwa kama ya popote, nani angeamini imetoka kwangu?"

Nyemo akasema, "Kibetri hukubadilisha kwa ubahili, dada, wala hukuwa na mpango wowote. Bila mikono yangu, jina lingeozea ndani ya bati." Mwaja akamuuliza ni nani aliyeigusa siku moja kabla ya maziko.

Sechelela akasema taratibu, "Kompyuta iliganda siku zote, na watu walisubiri siku zote. Aliyeulizwa ni mmoja, na aliyemuuliza ni mimi." Mwaja naye akamkumbusha kwamba karatasi zilikuwa zinauzwa ng'ambo ya barabara; angevuka siku ile, mzee angeondoka na nakala yake mkononi, na pasingekuwa na kukimbizana.

Mbeleje akawasikiliza wote. Kila aliyesema alimwona ana haki, na kila aliyejibiwa alimwona ana kosa. Akapima wiki ya kwanza, akapima ya pili, na mtoto akawa anaitwa "huyu" tu.

Jumapili ya ubatizo ikafika. Watatu wamekaa benchi la mbele. Mchungaji amempakata mtoto, maji yapo tayari, anamuuliza mama jina. Mbeleje, aliyengoja miaka thelathini kutajwa mbele ya watu, anawatazama wale watatu, na binti yake naye anangoja kutajwa mbele ya watu.

Nanyi mlionisikiliza, mchungaji bado ameshika maji mkononi. Ungekuwa wewe ndiye Mbeleje, ungemtajia jina la nani?