Nungunungu na Mstari wa Bonde

Paukwa!
Pakawa!
Basi sogeeni, na mwenye hadithi tamu kuliko yangu akawasimulie mbuzi.

Hapo zamani za kale, wanyama walichagua mkuu wao kwa kupanga mistari. Mgombea alitazama mbele, wafuasi wakasimama mgongoni pake, kila upande na mstari wake. Mwiko ulikuwa mmoja: usigeuke nyuma. Kuwaangalia watu kabla Korongo msimamizi hajawahesabu ni kuleta mkosi.

Mwaka ule waligombea Nyati na Kuro, swala wa kando ya maji: Mlimani walikuwa wa Nyati, Ziwani wa Kuro. Bonde, lenye watu wengi kuliko wote, ndilo lililoamua. Na Bonde tangu enzi na enzi lilikuwa la Nyati. Msemaji wa Bonde alikuwa Nungunungu.

"Niletee Bonde zima, Bwana Miiba," Nyati akamwambia, "nami nitakupa kigoda cha makamu."

Nungunungu akacheka. "Bonde? Bonde liko kwapani mwangu!"

Nyumbani alimkuta mkewe akichuja tope. "Baba watoto, kundi la Nyati limekanyaga chemchemi tena. Kuro kaja mwenyewe kuizungushia ua. Watu wanasema..."

"Waache waseme! Babu alisimama nyuma ya Nyati, baba alisimama nyuma ya Nyati, nami nitasimama nyuma ya Nyati."

"Babu yako alikuwa na maji ya kunywa, bwana."

Siku ikafika. Nungunungu akasimama wa kwanza, kifua mbele. Waliomfuata wakaacha nafasi ya hatua tatu, maana nani anataka kuchomwa? Akapaza sauti:

"Bonde!"

"La Nyatiii!" Ardhi ikatetema.

Jua likapanda. "Bonde!"

"La Nyati," wakaitikia wachache. Makoo yamewakauka, akajisemea.

Jua likafika utosini. "Bonde!"

"La Nyati!" Sauti moja, nene, na ilitoka mbele. Alikuwa Nyati mwenyewe.

Korongo akaja na miguu yake mirefu, akahesabu mara moja, akamaliza. "Bondeni kwa Nyati: mmoja."

"Mmoja na elfu ngapi?"

"Mmoja na vumbi, mzee."

Nungunungu akageuka. Kweli, vumbi. Bonde zima lilikuwa kule, nyuma ya Kuro, na mkewe alikuwa wa mwisho. Akamwendea mbio.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia kiangazi chote. Ulikuwa unaimba."

"Baki, Bwana Miiba!" Nyati akanguruma. "Na kigoda je?"

 Nungunungu alikuwa akitazama migongo ya watu wa Bonde, mbavu nje, ngozi imepauka kwa kiu. Miaka yote aliyosimama wa kwanza hakuwahi kuiona.

"Karibu, msemaji," Ngiri akamtania bila kugeuka. "Ila hiyo miiba uilaze!"

Akailaza, mmoja mmoja, akasogea karibu na mkewe, wa mwisho kabisa.

Hadithi yangu imefika ukomo wake. Mimi niliacha shule mapema, lakini kuhesabu hadi mmoja naweza.