Jina la Mtu Aliyeufuata Mto

Paukwa!

Pakawa!

Hizo ni sauti za watu wanaosinzia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sogezeni miguu isije ikaungua, na anayechokoa moto auache, unatosha.

Zamani, zile zamani za kale hasa, ndege na wanyama walipokuwa bado wanamjibu mtu akiwasemesha, kulikuwa na mwanamke aitwaye Minza. Aliishi katika nchi ya mawe makubwa. Mume wake alikuwa malishoni na ng'ombe, mbali, na yeye alibaki nyumbani na shamba la karanga, kuku, na watoto. Mtoto wa mwisho alikuwa msichana, jina lake Limi.

Limi aliugua homa. Homa ikamshika, ikamtikisa, ikamwacha, lakini ilipoondoka iliondoka na hamu yake ya kula. Uji wa mtama, hataki. Uji wa ulezi, hataki. Uji wa ulezi uliotiwa karanga na maziwa, ambao kaka zake waliukodolea macho kutoka mlangoni, hataki. Miguu yake ikawa kama fito za kujengea banda la kuku.

Minza alikuwa ameona watoto wa watu wengi. Alijua homa ile ina tabia ya kurudi, na ikirudi ikamkuta mtoto ana tumbo tupu namna hii, haitakuwa na kazi kubwa. Hakulia. Kulia kungechukua muda, na kuku walikuwa hawajafunguliwa. Alivuta kigoda, akachukua bakuli na kijiko cha mti, akasema, "Limi, nikikusimulia hadithi utakula?"

"Nitakula."

"Hapo zamani palikuwa na mtu mmoja. Mto wa kijijini kwao ulikasirika ukahama. Ukaondoka na maji yake yote, na samaki, na vyura. Mtu huyo akatoka kwenda kuutafuta."

Kijiko kimoja kikaingia. Limi akameza, kisha akauliza, "Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo mtu."

"Ni mtu tu, mama. Fumbua mdomo."

"Mtu tu simjui," alisema Limi. "Nisiyemjua simfuati."

Akafumba mdomo, meno juu ya meno.

Minza alimtazama. Mtoto hana nguvu ya kujifukuzia nzi puani, lakini ya kukataa mtu asiye na jina anayo. Moyoni Minza alimsifu kidogo, kisha akatafuta jina lililokuwa karibu. Nyuma ya ua wa minyaa jirani yake, Lufunga, alikuwa anatia mpini kwenye jembe.

"Basi anaitwa Lufunga," alisema Minza kwa sauti ya chini.

Limi akacheka, na kijiko kikaingia.

"Lufunga akafika mtoni, akakuta mchanga mkavu. Akakaa chini, akalia mpaka kamasi zikamtoka."

"Nani katokwa na kamasi?" Sauti ilitoka nyuma ya minyaa, na kichwa cha Lufunga kikafuata.

"Ni hadithi tu, shemeji."

"Hadithi yenye jina langu. Mimi sijalia tangu nilipoachishwa ziwa. Na mto ukihama siufuati, kwani ni mbuzi? Nachimba kisima."

"Haya, anachimba kisima," alisema Minza, apate amani.

"Na avae shuka jipya. Na mama mkwe wangu asiwepo."

Lufunga akazunguka ua, akaketi juu ya jiwe, akaichukua hadithi. Akaeleza kisima kinavyochimbwa, na udongo wa juu ulivyo, na udongo wa chini ulivyo, na jembe alilotumia, na watu waliokuja kumpongeza. Mto ulisahaulika kabisa. Uji ulianza kutanda ngozi juu.

"Huyu namjua mno," Limi alimnong'oneza mama yake. "Namwona kila siku. Nimjuaye hivi simfuati."

Akafumba mdomo, meno juu ya meno.

Mchana Minza alikwenda bwawani kuchota maji. Alimkuta Korongo-taji amesimama kwenye matete, anajitazama majini.

"Korongo, wewe una mambo ya kupendeza," alisema Minza. "Nahitaji jina la mtu wa kwenye hadithi. Mtoto wangu hali mpaka alipate."

Korongo hakumtazama. Alikuwa bado hajamaliza kujitazama mwenyewe. "Mama Limi, mtu wa kwenye hadithi si mtu wa kubeba kuni. Jina lake likitamkwa, masikio yasimame. Mwite Kinyerenyere-Mwangaza-wa-Maji-ya-Alfajiri."

Minza alilirudia jina hilo njia nzima, mtungi kichwani, asilisahau. Lilikuwa jina zuri, hilo hakulikana. Aliketi kwenye kigoda, akasema, "Hapo zamani, mto ulipohama, Kinyerenyere-Mwangaza-wa-Maji-ya-Alfajiri alitoka kwenda kuutafuta."

Limi alisikiliza kwa makini. "Mama yake akimwita aje kula, anasema yote hayo?"

"Anasema yote."

"Basi uji wake unapoa," alisema Limi. "Mwenye jina linalopoza uji simfuati."

Akafumba mdomo, meno juu ya meno.

Alasiri Fisi alipita nyuma ya nyumba, kwenye jalala, akinusa. Siku nyingine Minza angemrushia gogo. Siku hiyo alimwita.

"Fisi, nipe jina la mtu wa kwenye hadithi."

"Mtu wa namna gani?"

"Anatafuta mto uliohama."

"Anaupata?"

"Anaupata."

"Umejichosha bure, mama," alisema Fisi, mfupa mdomoni. "Jina liseme kilichomo ndani. Mimi kabla ya kung'ata napenda kujua. Mwizi mwite Kibaka, mchoyo mwite Mkono-Birika, na huyo wako mwite Shujaa-Asiyeshindwa. Msikilizaji hapati tabu."

Minza aliona jambo hilo lina maana. Alipasha uji, akaketi, akasema, "Hapo zamani, mto ulipohama, Shujaa-Asiyeshindwa alitoka kwenda kuutafuta."

"Basi ataupata," alisema Limi.

"Sikiliza kwanza. Njiani kuna joka, kuna—"

"Hashindwi. Ataupata. Hadithi imekwisha, mama, nimeshiba." Akageukia ukutani. Hata meno hakuyabana kwa nguvu safari hii, kwa sababu nguvu hazikuwapo.

Jioni ile Minza alipomgusa paji la uso, lilikuwa na joto kidogo. Kidogo tu. Alikaa na mkono wake pale kwa muda mrefu, akifanya kama anamfuta jasho.

Asubuhi alikwenda shambani kung'oa karanga za kutia kwenye uji. Akamkuta Kanga ameingia na vifaranga wake, wanaparua mashina kana kwamba wamelima wao. Minza akaokota bonge la udongo, akainua mkono.

"Tupa," alisema Kanga, bila kuacha kuparua, "lakini usimpige Majivu. Ana mguu mbaya."

Mkono wa Minza ukasimama hewani. "Majivu ni yupi?"

"Huyo hapo, karibu na kisigino chako."

"Wote hawa wana majina?"

"Wako hawana?"

Minza aliwatazama. Vilikuwa vifaranga vidogo vya rangi ya udongo, vinafanana kama punje za mtama. "Nionyeshe," alisema.

Kanga akainua shingo. "Majivu nilimtotoa siku moto ulipopita porini, tukabaki mimi na yeye na mayai mengine kwenye kiota kinachofuka moshi. Yule ni Pembeni. Yai lake lilibingirika usiku, nikalikuta asubuhi limekaa peke yake, nami nikadhani ni bovu. Huyu anayekula karanga yako kubwa anaitwa kwa jina la shangazi yangu. Mwewe alimla shangazi. Sikutaka ale na jina."

Minza alishusha mkono. Alikuwa amezaa, amezika, ameita watoto majina, na hakuwahi kufikiri kwamba kindege hiki anachokifukuza kila msimu kimekaa kichakani kikifanya kazi ileile, tena kwa uangalifu kuliko watu wengi anaowafahamu.

"Ulipowapa majina ulijua watakavyokuwa?" aliuliza.

"Ningejuaje? Walikuwa hata hawajakauka manyoya."

"Mimi nina mtu wa kwenye hadithi, na kila jina ninalompa mwanangu analikataa. Nimempa la jirani, nimempa la kupendeza, nimempa la kueleza tabia."

"Mama yake alimwita nani?"

"Hana mama. Nimemtunga mwenyewe."

Kanga akacheka, na vifaranga wote wakacheka kwa kumwiga. "Mama Limi, mtu hana mama, halafu unamtuma aende akatafute mto? Nani kampikia kabla hajaondoka? Nani anamsubiri? Mtafutie mama yake kwanza. Jina anajua yeye."

Minza alimwachia Kanga mashina yale aliyokuwa ameshayaparua, na mashina mengine pembeni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze kulima. Akarudi nyumbani mbio, karanga kwenye upindo wa nguo yake.

Limi alikuwa amelala chali, macho nusu. Minza akamnyanyua, akamwegemeza kifuani. Akachukua bakuli, akaanza, na alipoanza hakujua anakokwenda.

"Hapo zamani palikuwa na mwanamke mmoja. Alikuwa shambani anachimba viazi, uchungu ukamshika. Akajifungua palepale kwenye tuta, peke yake. Akamfunga mtoto kwa kanga, na viazi vyake akavibeba pia, kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu."

Jicho la Limi likafunguka.

"Walipofika nyumbani mtoto akakataa kunyonya. Akalia, akalia, akalia. Bibi za ukoo wakakusanyika, wakasema, mtoto huyu anataka jina, kuna mtu wetu anayetaka kukumbukwa. Wakaanza kumwita majina ya waliokufa. Wakasema, wewe ni Nkwabi, babu yako aliyekuwa na ng'ombe wengi. Mtoto akalia."

"Hakulitaka," alisema Limi.

"Hakulitaka. Wakasema, wewe ni Masele, mjomba wako aliyeua simba kwa mkuki. Mtoto akalia mpaka akawa mwekundu. Wakaita wawindaji, wakaita waganga, wakaita wote wenye sifa. Hataki. Mama yake amechoka, maziwa yamemjaa, kifua kinamuuma. Akasema, jamani, kuna mtu mmoja hamjamtaja. Wakatazamana. Walikuwa hawajamtaja makusudi. Alikuwa ndugu yao mmoja aliyependa kulala. Kulima, hakulima. Kuwinda, hakuwinda. Alikuwa analala tu chini ya ghala, na watoto wanampanda mgongoni. Mama akainama, akamwambia mtoto sikioni: Luhende."

Minza akakoroga uji. Hakujua jina hilo limetoka wapi. Lilikuwa limetoka kwa yule mwanamke mwenye viazi, na kwa kweli lilimfaa mtoto wake.

"Akanyonya?" aliuliza Limi.

"Luhende," alisema Minza tena, polepole.

Limi akafumbua mdomo.

Kijiko kikaingia, uji ukashuka. Minza hakusema neno juu ya uji. Alisema, "Bibi za ukoo wakahuzunika. Wakasema, jina la mtu wa kulala, huyu naye ataamka lini? Luhende akakua. Na siku mto ulipohama, wenye majina makubwa wote walikuwa wanagombana ni nani atangulie. Luhende akamwambia mama yake, mama, nifungie kiazi, mimi nakwenda."

"Ataupata?"

Minza akafikiri. Alimwona kijana yule amesimama mlangoni, kiazi mkononi, usingizi bado umo machoni. Aliona njia ilivyo ndefu. "Sijui, mwanangu," alisema, na ilikuwa kweli. "Tumfuate tuone."

Wakamfuata. Siku ile wakafika naye mpaka kwenye mchanga mkavu, na bakuli likafika nusu. Siku ya pili wakakutana na vyura walioachwa nyuma, wamekaa wanalaumiana, nao wakamwonyesha upande mto ulikoelekea, na bakuli likaisha. Siku ya tatu Luhende akalala njiani kama yule ndugu aliyerithi jina lake, na Limi akakasirika, akamgombeza, "Luhende, amka, mama yako anakusubiri," akakalia mkeka bila kushikwa. Joto likatoka kwenye paji lake. Miguu ikaanza kupata nyama.

Minza akawa anafua na Luhende, anapalilia na Luhende, anafungia kuku na Luhende. Alimjua sasa. Alijua anavyokuna kichwa akikosea njia. Alijua asingeweza kuitwa Masele hata kwa siku moja.

Siku moja Luhende alisikia maji nyuma ya kilima. Aliyasikia wazi, akaanza kupanda, mikono kwenye mawe. Hapo hasa sauti za watoto zikaja kutoka uwanjani, wanacheza kujificha. Limi akampokonya mama yake bakuli, akalinywa lote kwa mkupuo, akajifuta mdomo kwa mkono, akatoka nje akikimbia. Hakugeuka nyuma.

Minza alibaki na kijiko. Alisikiliza vishindo vya miguu ile mpaka vikachanganyika na vya wengine. Sufuria lilikuwa halijaoshwa. Mtama ulikuwa haujatwangwa. Kuku mmoja alikuwa ameingia ndani na hakuna aliyemfukuza. Hakukuwa na mtu wa kusikiliza hadithi tena, wala mdomo wa kulishwa. Alisimama, akalishika sufuria, akalirudisha chini.

"Nakuja, Luhende," alisema. "Usishuke."

Akakalia kigoda, akaendelea.

Nami ndipo nilipoiacha hadithi yangu, mlangoni pake Minza, asije akakatishwa. Inukeni, maharage yameiva.