Kamera Mbili na Jina Moja

Sogeeni, wakubwa kwa watoto, na anayetafuna atafune polepole, maana leo nina kesi mkononi na hakimu wake bado sijampata. Nimeibeba kutoka milima ya Lushoto, na kila ninapoitua watu wanagombana. Labda ninyi mtanisaidia.

Walikuwepo wanawake watatu, kila mmoja na lake.

Wa kwanza ni Bi Mwanaheri, mpiga picha, mwenye studio ya chumba kimoja mkabala na soko. Kipaji chake kilikuwa subira. Kamera yake ilikuwa ya dijitali, ila ya zile za mwanzo mwanzo, nzito, iliyobanduka rangi kwenye kona. Ni kamera za aina yake: mpigaji hachungulii kupitia lenzi, anachungulia kwenye kidirisha kilicho pembeni. Katikati ya kidirisha hicho kitu huonekana viwili, nawe unazungusha pete ya lenzi mpaka viwili viwe kimoja, ndipo unabonyeza. Tena kidirisha huonyesha zaidi ya kile kitakachoingia pichani, kwa hiyo Mwanaheri humwona mtu kabla hajafika, akamngoja. Kioo cha nyuma, cha kuonyeshea picha, kilikufa miaka mingi iliyopita. Ilipiga picha moja, ikapumzika, ikapiga nyingine. Lakini kwa rangi ilikuwa haina mpinzani. Nyekundu yake ilikuwa nyekundu kweli.

Wa pili ni Zulfa, binti wa kaka yake, aliyefundishwa kazi na shangazi huyo huyo kisha akahamia Tanga mjini. Kipaji chake kilikuwa wepesi. Kamera yake ni kama mdogo wa ile ya shangazi: umbo lile lile, kidirisha kile kile, hata lenzi za zamani zinaingia. Ila hii ni mpya. Inaona kwenye mwanga hafifu, inapiga picha kumi kabla hujapepesa macho, na picha yake unaikuza mpaka unahesabu vifungo vya shati la mtu aliye ng'ambo ya mto.

Wa tatu ni Bi Mwamini, fundi saa. Kipaji chake kilikuwa mkono usiotetemeka. Kitu kilichopinda kilimkera kama mchanga ndani ya kiatu, awe amelipwa kukinyoosha au hakuna aliyemwambia.

Sasa, Mwanaheri hakujaliwa mtoto. Hilo alikwishalizoea. Asilolizoea ni jambo dogo zaidi: hakuna aliyewahi kuitwa kwa jina lake. Mwamini alikuwa na wasichana watatu waliopewa jina lake, wakimwita somo, na kila sikukuu walimjia na sahani zilizofunikwa. Zulfa alikuwa bado kijana, mambo yake yako mbele. Lakini Mwanaheri alilirithi jina lake kwa bibi yake, naye bibi kwa bibi yake, na sasa lilikuwa limefika ukingoni. Hakumwambia mtu. Aliona haya kutamani kitu kama hicho katika umri ule.

Ikatokea katika nyumba ya jirani, kwa Yahaya na mkewe Nasra, kukazaliwa mtoto wa kike. Katika nyumba ile jina hutolewa siku ya saba, na mwenye kulitoa ni babu. Babu huyo ni Mzee Shekalaghe, mtu mpole, ambaye kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kuja na kuondoka zinavyotaka zenyewe. Siku ya saba ingeangukia Ijumaa.

Jumatatu Zulfa akaja kutoka Tanga na kamera yake. Hakuwa na lenzi ya kufaa, na Mwamini akamwazima ile aliyoachiwa na marehemu mumewe. Wakaijaribu: kidirishani vitu viwili vinakuwa kimoja, lakini picha inatoka na ukungu.

"Hii haitoki hapa ikiwa hivi," akasema Mwamini.

"Bi Mwamini, ni ya mchezo tu. Tunataka kuzipambanisha kamera hizi, mimi na shangazi, tuone ya kale na ya sasa ipi zaidi."

"Mchezo wenu. Aibu yangu."

Akaifungua lenzi, akaikwangua pete ya shaba ya ndani unywele kwa unywele, siku mbili, mpaka mlima wa mbali ukasimama wima kama ulivyo.

Jumatano asubuhi shangazi na mpwa wakaenda kwa Yahaya kupiga picha za familia. Zulfa alipiga arobaini kwa muda wa kumenya chungwa. Mzee Shekalaghe yumo, amesimama nyuma, kanzu nyeupe pe. Zulfa akazima kamera, akakaa pembeni, akainamia simu yake. Mwanaheri akapiga tisa, kwa utulivu wake. Kisha akainua kitambaa kupangusa unyevu kwenye lenzi, vidole vikagusa plastiki. Kifuniko kilikuwa hakijatolewa. Ndiyo ubaya wa kamera hizi: kidirishani unaona watu vizuri kabisa, kumbe lenzi imefumba jicho. Ile ya Zulfa ingemwonyesha kioo cheusi mara moja. Ya Mwanaheri haikuwa na kioo cha kumwonyesha.

Akakichomoa kifuniko, akakitumbukiza mfukoni. "Jamani, moja zaidi. Ya baraka."

Watu walikuwa wamechoka kusimama. Mzee alikwishaingia ndani kwa ajili ya baridi. Mwanaheri akiwa amechungulia, akamwona, bado yuko nje ya mstari wa picha, anarudi taratibu kutoka mlangoni. Akamngoja. Mzee akafika, akasimama nyuma ya wote, na Mwanaheri, macho kwenye uso wake tu mpaka viwili vikawa kimoja, akabonyeza. Wengine wakageuka kwenda kula. Hakuna aliyetazama nyuma.

Alasiri ukungu ukashuka, na Mzee Shekalaghe hakuonekana.

Jioni, wakati shangazi na mpwa hawajapata habari hizo, walikuwa kwenye ukingo wa bonde wakimalizia shindano lao. Ukungu uliinuka kidogo jua likizama. Zulfa akaipiga picha ng'ambo ya bonde, akacheka. "Shangazi, piga na yako, uone kiza chake." Mwanaheri alipiga. Alijua atatoka na kiza.

Alhamisi asubuhi mji mzima ulikuwa njiani. Picha za Zulfa zilikuwa kwenye kila simu: tafuteni mzee, kanzu nyeupe. Zilikuwa safi kiasi kwamba kila mtu aliziamini. Wakatafuta kanzu nyeupe msikitini, sokoni, makaburini. Wakaipita ng'ambo ya bonde kwa macho, hawakuona cheupe, wakaenda zao.

Zulfa alimwomba shangazi kadi ya kamera yake, ile inayohifadhi picha, mara mbili. Mara ya kwanza Mwanaheri alisema betri imekufa. Mara ya pili alisema ni zile zile tu, hazina jipya. Ukweli ni kwamba aliwaza picha tisa nyeusi zikipangwa kwenye kompyuta mbele ya mwanafunzi wake. Mpaka adhuhuri, Nasra alipopita akilia kimyakimya, mtoto kifuani, ndipo Mwanaheri akaitoa kadi kwa mkono wake mwenyewe.

Tisa nyeusi. Zulfa akasema, "Maskini, kamera imechoka," akapita. Ya kumi ikafunguka. Mzee Shekalaghe alisimama nyuma ya wote na juu ya kanzu amevaa sweta la marehemu mkewe, rangi ya tofali, refu mpaka magotini. Watu wa nyumbani walidhani bado liko sandukuni.

"Basi hatumtafuti mwenye kanzu nyeupe," akasema Yahaya.

Zulfa akafungua picha yake ya jioni, akaikuza, na kuikuza tena. Kwenye njia ya zamani iendayo kwenye kibanda cha kupasulia mbao, ambako mzee alifanya kazi ujanani, palikuwa na doa la rangi ya tofali, dogo kama punje ya ulezi. Kwa lenzi ilivyokuwa Jumatatu, punje ile ingeyeyuka kwenye udongo. Mwamini akachukua shali lake.

Walimkuta kibandani, amekaa juu ya gogo, magoti yamevimba, sauti imekauka. Mganga wa zahanati alisema baridi ya siku moja zaidi isingemwacha hai.

Ijumaa Mzee Shekalaghe aliketi kitini, amefungwa mablanketi, mtoto mapajani. "Aliyenipata ni nani?" akauliza. "Mtoto achukue jina lake."

"Baba, walikuwa watatu," akasema Yahaya.

"Mtoto ni mmoja."

Zulfa akawahi. "Ni shangazi, babu. Bila picha yake tungekuwa tunatafuta kanzu mpaka leo. Arobaini zangu ziliwapoteza watu njia."

Wote wakamgeukia Mwanaheri. Jina lilikuwa pale, hatua mbili mbele yake, limefungwa kwenye khanga. Alikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni asante. Alilitaka sana kulisema. Mkono ukaingia mfukoni, ukakutana na kile kifuniko, akakitoa akakiweka juu ya meza.

"Kamera haikuchoka," akasema. "Nilisahau hiki. Ningekuwa makini, ningepiga za kanzu nyeupe kama Zulfa, nikafunga virago. Na kadi nilikuwa nayo tangu asubuhi ile. Nilimkatalia mara mbili kwa kuogopa kuchekwa, na wewe mzee uko kwenye baridi."

Nasra aliinamisha uso.

"Basi na mimi niseme," akasema Zulfa. "Picha ile ya bonde niliipiga ili nimwaibishe shangazi."

"Mimi sikumtafuta mtu yeyote," akasema Mwamini. "Nilikuwa nanyoosha lenzi."

Mzee Shekalaghe akawatazama mmoja mmoja, akamwinamia mtoto mpaka midomo ikakaribia sikio. "Semeni upesi," akasema. "Swali ninalikumbuka sasa hivi. Baada ya chai siwaahidi."

Haya, wasikilizaji wangu. Mmoja alionyesha cha kutafuta, mwingine alionyesha pa kutafuta, na wa tatu alifanya kionekane. Mtoe yeyote kati yao, mzee hayupo. Hakuna aliyekusudia, na aliyelitaka jina kuliko wote ndiye aliyechelewesha msako kisha akajisema mwenyewe. Mzee ameinama, na chai jikoni imeanza kuchemka. Je, wewe ungeamua vipi?